Mchezo wa Uwanjani na Kazi ya Mizani

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa Giakanja, Nyeri, mbele ya wazee, akina mama, walimu, vijana wa michezo na wafanyakazi wa viwanda vya kahawa na chai.)

Wazee wangu, akina mama, walimu, na ninyi vijana ambao mmekwisha kuvaa jezi zenu:

Nimeombwa niseme juu ya michezo na kazi, yaani mtu anayecheza vema uwanjani aweza kujifunza nini huko cha kumfaa kiwandani, ofisini, dukani, au katika kikosi alichoandikwa. Maneno ya namna hii mmekwisha kuyasikia mara nyingi. Tangu zamani za mwalimu mwenye filimbi shingoni twaambiwa ya kuwa michezo huleta adabu, mpira hufundisha umoja, na mbio hufundisha uvumilivu. Mimi sikatai. Lakini naomba ruhusa ya kuanza kwa shaka kidogo, maana jambo likisifiwa siku zote bila kuulizwa swali, watu huacha kulisikia.

Shaka yangu ni hii. Sote twawajua watu waliokuwa hodari wa mpira, wasiomkwatua mwenzao wala kubishana na refa, ambao walipokabidhiwa ufunguo wa ghala waliiba. Tena twawajua wengine wasiojua hata kuupiga mpira ukaenda mbele, nao ni waaminifu wa kuachiwa fedha ya chama kizima. Kama michezo peke yake ingetosha kumtengeneza mtu, mambo hayangekuwa hivyo.

Sababu yake haiko mbali. Uwanjani kuna mstari wa chokaa, kuna filimbi, na kuna macho ya watu pande zote nne. Mtu akishika mpira kwa mkono huonekana papo hapo na kuzomewa na watoto. Kazini mara nyingi hakuna mstari wala filimbi. Karani wa mizani yuko na daftari lake, mwenye kahawa amechoka na anataka kurudi nyumbani kabla ya mvua, na nusu kilo haina mdomo wa kusema. Kwa hiyo uungwana wa uwanjani haufuati mtu kazini kwa nguvu zake wenyewe. Tukitaka mafunzo ya kufaa, yatupasa kutazama katika michezo yale mambo yatendekayo pasipo macho ya watu, kwa kuwa hayo ndiyo yafananayo na kazi zetu.

Nitaanza na mtu wa hapa kwetu. Bibi Catherine Ndereba alizaliwa mwaka 1972 Gatung'ang'a, hapa hapa Nyeri, kwenye vilima kama hivi mnavyopanda na kushuka ninyi na magunia yenu. Aliingia katika Idara ya Magereza, akawa askari kama askari wengine, mwenye sare na saa za zamu. Kufikia mwaka 1996 alikuwa amekwisha kujulikana katika mbio za barabarani huko Marekani. Mwaka 1997 akajifungua mtoto wa kike, na mwaka ule hakukimbia. Wako watu waliodhani ya kuwa habari yake imekwisha, kwa maana desturi ya watu wengi ni kumhesabu mama aliyejifungua kuwa ametoka kazini kwa moyo hata kama amerudi kwa mwili. Mwaka 1999 alikimbia marathoni ya Boston kwa mara ya kwanza, akawa wa sita. Mwaka 2000 akaishinda, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo. Akashinda tena mwaka 2001, na 2004, na 2005.

Vijana, nitawaomba mwitazame ile nafasi ya sita kuliko ushindi wa mara nne. Ushindi hupigwa picha, bali kati ya nafasi ya sita na nafasi ya kwanza kulikuwa na mwaka mzima wa asubuhi zenye baridi ambazo hakuna mtu aliyezipiga picha. Mwenye kuijua baridi ya upande huu wa Nyandarua mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa zaidi.

Tarehe 7 Oktoba 2001, katika jiji la Chicago, alikimbia marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Hakuna mwanamke duniani aliyekuwa amekimbia hivyo. Ajabu yake ni kwamba juma moja tu kabla ya siku ile, Bibi Naoko Takahashi wa Ujapani alikuwa amekwisha kuwa mwanamke wa kwanza kupita chini ya saa 2 na dakika 20, huko Berlin. Sifa ya Takahashi ikakaa siku saba. Ya Ndereba nayo ikakaa mwaka mmoja na siku chache, kwani tarehe 13 Oktoba 2002, katika jiji lile lile la Chicago, Bibi Paula Radcliffe wa Uingereza aliiondoa kwa muda wa saa 2, dakika 17 na sekunde 18.

Sasa sikilizeni alivyofanya baada ya kuondolewa juu. Mwaka 2003 akawa bingwa wa dunia huko Paris. Mwaka 2004, katika Olimpiki ya Athens, kwenye joto na vilima, akafika wa pili nyuma ya Bibi Mizuki Noguchi kwa sekunde 12, akiwa bado anaipunguza nafasi iliyokuwa kati yao. Mwaka 2005 akawa wa pili wa dunia Helsinki, nyuma ya Radcliffe yule yule. Mwaka 2007 akawa bingwa wa dunia mara ya pili, huko Osaka. Mtu aliyekuwa wa kwanza duniani, kisha akapitwa mbele ya watu wote, alirudi kazini akaendelea na kazi. Katika ofisi zetu mara ngapi tumemwona mtu akikosa cheo alichokitazamia, na tangu siku ile akawa anakuja saa mbili na nusu badala ya saa mbili, anafunga faili kabla ya wakati, na anasimulia kila mgeni jinsi alivyodhulumiwa? Pengine amedhulumiwa kweli. Lakini wanaoumia kwa faili lile kufungwa mapema ni watu wanaongoja barua zao, wala si yule aliyemnyima cheo.

Nisiache kumtaja na Bwana Charles Kamathi, mzaliwa wa Nyeri na askari wa polisi, ambaye mwaka 2001 huko Edmonton alishinda mbio za mita 10,000 za ubingwa wa dunia. Bwana Haile Gebrselassie wa Uhabeshi alikuwa ameshinda mashindano yale mara nne mfululizo tangu mwaka 1993, hata wengine waliingia uwanjani wakigombea nafasi ya pili tu. Kamathi hakuingia kwa nia hiyo, naye Gebrselassie siku ile akawa wa tatu.

Nimesema ya kuwa mambo yenye mafunzo ni yale yasiyo na macho ya watu. Hapa sina budi kuingia katika jambo lisilopendeza, yaani dawa zilizokatazwa. Sitalipita kwa haraka, kwa sababu limeiharibia nchi yetu jina, na kwa sababu vijana wanaosikia haya watakutana nalo, kama hawajakutana nalo bado.

Katika mji ule ule wa Chicago, tarehe 13 Oktoba 2024, Bibi Ruth Chepngetich wa Kenya alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, akawa mwanamke wa kwanza kupita chini ya saa 2 na dakika 10. Tulishangilia. Miezi mitano baadaye, mwezi Machi 2025, mkojo wake ulipimwa ukaonekana una dawa ya kutoa maji mwilini, ambayo wagonjwa wa shinikizo la damu hupewa na madaktari, lakini wakimbiaji wamekatazwa kwa kuwa yaweza kuficha dawa nyingine. Mwezi Oktoba 2025, baada ya yeye kukiri kosa, alifungiwa miaka mitatu. Kwa kuwa kipimo kile kilikuja baada ya Chicago, hukumu haikuigusa rekodi ile. Hayo ndiyo yaliyoamuliwa, nasi hatuna haki ya kumwongezea mtu makosa ambayo hakuhukumiwa.

Lakini maelezo aliyoyatoa yafaa kuangaliwa na kila mfanyakazi. Alisema ya kuwa alipougua alikunywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani, bila kuhakikisha kwanza kama imekatazwa. Waamuzi hawakuona kwamba jambo hilo lamwondolea lawama. Katika riadha sheria ni moja: kilichomo mwilini mwako ni chako, na mzigo wa kujua ni wako. Wengine huiona sheria hii kuwa kali mno. Mimi naiona kuwa ndiyo sheria ya kazi yoyote yenye dhamana, ijapokuwa katika kazi nyingi haijaandikwa. Dereva aliyetoka na gari bila kutazama breki hawezi kujitetea kwa kusema fundi hakumwambia. Mtunza ghala aliyetia sahihi mifuko 50 ya mbolea bila kuihesabu, ikaonekana 46, hawezi kusema kijana wa kupakua alimdanganya. Sahihi ni yake. Mtu akipewa mshahara wa kujua, neno "sikujua" halimfai sana.

Tena kuna jambo baya kuliko kosa lenyewe, nalo ni kulifunika. Bwana Wilson Kipsang aliiweka rekodi ya dunia ya marathoni mwaka 2013, alikuwa mtu mwenye heshima kubwa, na aliongoza chama cha kutetea haki za wakimbiaji. Mwaka 2020 alifungiwa miaka minne. Hakupatikana na dawa. Makosa yake yalikuwa kukosa kuwapo mahali alipoandika kwamba atapimwa, na kuwapelekea wachunguzi ushahidi wa uwongo. Mojawapo ya udhuru wake lilikuwa kwamba barabara ilikuwa imefungwa, naye akatoa picha ya ajali. Kumbe ajali ile ilikuwa imetokea miezi kadhaa baada ya siku aliyoisema. Nadhani wenye kuandika barua za kuomba ruhusa ya mazishi ya shangazi yule yule mara tatu wanaielewa habari hii bila tafsiri.

Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria yake ya kupambana na dawa hizi, na ikaunda idara ya kazi hiyo. Ni vema. Lakini sheria haikai kambini pamoja na kijana wa miaka 19 ambaye baba yake ameuza ng'ombe ili anunue viatu. Anayekaa naye ni mwalimu wake wa mbio, wakala wake, na yule jamaa wa duka la dawa anayemwambia kwamba kila mtu anatumia. Ninyi mnaofundisha vijana, sindano ile haiingii katika mkono wa kijana bila mtu mzima fulani kujua. Uongozi wa mtu mzima hupimwa saa ile.

Sasa nitasema juu ya uongozi wenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico, Bwana Kipchoge Keino, askari wa polisi wa Kenya, alishinda mbio za mita 1,500 akimwacha Bwana Jim Ryun wa Marekani karibu sekunde tatu nyuma, jambo lisilokuwa la kawaida hata kidogo katika mbio fupi namna ile. Habari hii kila mtoto wa shule amefundishwa: jinsi Keino alivyokuwa mgonjwa wa kibofu cha nyongo, jinsi madaktari walivyomkataza, jinsi msongamano wa magari ulivyomfanya ashuke na kukimbia hadi uwanjani. Ni kweli, na ni sifa kubwa.

Wachache humkumbuka mtu wa pili. Katika mbio zile alikuwamo kijana mwingine wa Kenya, Ben Jipcho. Ryun alikuwa na mbio kali sana mwishoni, na Wakenya waliona ya kuwa wakimngoja hadi mwisho atawashinda. Ikapangwa kwamba Jipcho atoke kwa kasi tangu mwanzo ili mwendo uwe mkali na mbio za mwisho za Ryun zisiwe na nguvu. Akafanya hivyo, akapita mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi, kwenye hewa nyembamba ya mji ulio juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Keino akafuata, akachukua uongozi, akashinda. Jipcho akachoka, akafika wa kumi.

Watu wengi husimulia habari hii kuwa mfano wa umoja, kisha wakaenda zao. Mimi naiona kuwa ngumu zaidi. Jipcho alikuwa mkimbiaji wa kweli. Mwaka 1972 Munich alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, tena nyuma ya Keino. Mwaka 1973 akaweka rekodi ya dunia katika mbio hizo. Mwaka 1974, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, akapata dhahabu mbili. Mtu wa namna hii aliambiwa siku moja, mbele ya dunia nzima, atumie nguvu zake ili mwingine ashinde. Baadaye yeye mwenyewe alimtaka radhi Ryun, maana aliona moyoni ya kuwa huenda haikuwa haki kabisa. Sheria haikuvunjwa. Lakini yeye hakuridhika na kutovunja sheria tu.

Ninyi wenye vyeo, wasimamizi, wanyapara, wakuu wa idara, makatibu wa vyama, kila mmoja wenu ana Jipcho wake. Ni yule karani anayekaa hadi saa kumi na mbili kuandaa hesabu ambazo ninyi mtazisoma kesho mbele ya mkutano. Ni yule mama anayefika kiwandani wa kwanza kuwasha moto wa chai, ili wafanyakazi wengine wakija waanze kazi na joto tumboni. Kumtuma mtu akimbie mzunguko wa kwanza si dhuluma. Hakuna kazi kubwa ifanyikayo bila hivyo. Dhuluma huja katika mambo mawili. La kwanza ni kumtuma bila kumwambia ukweli, ukamwacha adhani kwamba anakimbia kwa ajili yake mwenyewe. La pili ni kumtuma yeye yule kila mwaka. Jipcho alipata siku zake za kukimbia kwa jina lake, na siku zile alishinda. Chunguzeni kama makarani wenu nao wanazo siku za namna hiyo.

Katika zama za karibu kuna mfano wa kupendeza zaidi kidogo. Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, Bwana Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, kwa sababu wakimbiaji 41 walipokezana kumwongoza na kumkinga na upepo, na taratibu nyingine za mashindano hazikufuatwa. Wale 41 hawakuwa watu wa kuokotwa njiani. Alikuwamo Bwana Bernard Lagat, mwenye umri wa miaka 44 wakati ule, ambaye amepata kuwa bingwa wa dunia. Walijua wazi wamekuja kufanya nini, na karibu na mwisho walirudi nyuma ili yeye apite peke yake, kisha wakashangilia kana kwamba ni wao waliofika. Tena inajulikana sana ya kuwa huko kambini Kaptagat, Kipchoge hufagia na kusafisha vyoo kwa zamu kama kijana aliyefika jana. Sitaki kuliongezea neno hilo. Kila mkubwa wa kazi aliye hapa anajua choo cha kiwanda chake kiko katika hali gani, na ni nani anayekisafisha.

Nimebakiza habari moja, na pengine ndiyo inayotugusa zaidi sisi watu wa mizani.

Tarehe 2 Desemba 2012, katika mji mdogo wa Burlada nchini Hispania, palikuwa na mbio za nyika. Mkenya Abel Mutai, ambaye miezi michache nyuma alikuwa amepata medali ya shaba katika Olimpiki ya London, alikuwa akiongoza kwa mbali. Alipokaribia mwisho alidhani amekwisha kuuvuka mstari, akasimama, mita chache kabla ya kufika. Nyuma yake alikuwa Mhispania, Bwana Iván Fernández Anaya. Watu wakapiga kelele, lakini Mutai hakujua Kihispania. Fernández angeweza kupita tu akashinda. Hakuna sheria ambayo ingemkataza. Badala yake alibaki nyuma yake, akamwonyesha kwa mkono aendelee, na Mutai akafika wa kwanza.

Dunia nzima ikamsifu. Mwalimu wake, Bwana Martín Fiz, ambaye mwaka 1995 alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni, hakusifu sana. Alisema waziwazi kwamba yeye mwenyewe angepita. Naye Fernández alipoulizwa zaidi akakiri jambo ambalo wasimuliaji wengi huliacha: kwamba kama ingekuwa medali ya dunia au ya Ulaya, huenda angefanya vingine.

Mimi nampenda mtu yule zaidi kwa maneno yale ya pili. Amesema kweli kuhusu uaminifu, kwamba una bei, na kwamba mtu hajui bei yake mpaka apimwe. Mtu ambaye hawezi kula shilingi 100 za wenzake huenda akatetemeka mbele ya laki moja. Ndiyo maana chama chenye akili hakimwachi mtu mmoja peke yake na fedha nyingi, hata kama ni mtakatifu. Kuweka sahihi tatu katika hundi si kumtukana mweka hazina. Ni kumpunguzia kilima.

Na sasa turudi hapa Giakanja, kwa maana si wengi wetu watakaokwenda Chicago.

Mkulima wa kahawa anachuma matunda yaliyoiva, anayachambua kiwandani kabla hayajapimwa, akitoa mabichi na yaliyokauka. Hana refa nyuma ya kikapu chake. Akiacha mabichi mawili matatu chini ya mekundu, hakuna filimbi itakayolia. Lakini kahawa yake inakwenda katika mashine moja na ya jirani zake, inachachushwa katika tangi moja, inaoshwa kwa maji yale yale, na kuanikwa juu ya meza zile zile. Ubaya wa kikapu kimoja unalipwa na wote mnadani. Mchuma chai naye ameambiwa majani mawili na chipukizi. Akichuma manne ili kikapu kijae upesi, ni mambo yale yale.

Upande wa pili wa meza amekaa karani. Tufanye hesabu pamoja, ninyi watoto wa shule mnisahihishe. Kama wakulima 200 wameleta kahawa leo, na kila mmoja amepunjwa nusu kilo, hiyo ni kilo 100 kwa siku moja. Hakuna mkulima hata mmoja atakayehisi nusu kilo mgongoni. Huyu mwizi hakimbii, hatoki jasho, na jioni huonekana mtu wa heshima.

Katika mpira hatumwachii mshambuliaji aandike mabao yake mwenyewe. Kwa nini basi mizani isomwe na mtu mmoja, iandikwe na mtu yule yule, na kusahihishwa na yeye tena? Naona ingefaa kila asubuhi, kabla ya foleni kuanza, jiwe la kilo 20 linalojulikana lipandishwe juu ya mizani mbele ya wakulima watatu, na namba isomwe kwa sauti. Hainunuliwi kwa fedha nyingi. Hata karani mwaminifu atafurahi, kwa kuwa itamwondolea maneno ya njiani. Asiyefurahi atajulikana bila kuulizwa.

Na wasimamizi wafanye kama manahodha wa timu wafanyavyo: wasikilize kwanza, kisha waseme neno moja, tena walirudie lile lile kesho. Refa anayeadhibu timu ya ugenini tu hupoteza mchezo kabla ya mapumziko, na msimamizi anayemkaripia kibarua kwa kuchelewa dakika 10, huku mpwa wake akifika saa nne bila kuulizwa, amekwisha kuupoteza mwezi mzima. Watu hawasahau mambo hayo. Hawaandiki, lakini hawasahau.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaosema kwamba umri umewapita. Mwaka 2008, katika Olimpiki ya Beijing, Bibi Constantina Diță wa Romania, mwenye umri wa miaka 38, alitoka katika kundi mapema akaenda peke yake. Wengine wote wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake amfuate. Katika mikutano ya vyama jambo hili tumeliona mara nyingi: kila mtu anajua la kufanya, na kila mtu anamtazama jirani yake. Walipoamka, Diță alikuwa amekwisha kuondoka na dhahabu. Alibaki Ndereba wetu, mwenye miaka 36, bega kwa bega na Bibi Zhou Chunxiu wa China, nyumbani kwa Zhou, mbele ya watu wake waliojaa uwanja. Wakaingia uwanjani pamoja, wakigombea nafasi ambayo haikuwa ya kwanza. Ndereba alifika kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 6. Zhou alifika kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 7.

Ni hayo niliyokuwa nayo. Nawaona manahodha wawili wananitazama kwa adabu na kuitazama saa kwa siri, na jua la Nyeri halingoji mtu. Mwenye swali juu ya lile jiwe la mizani na anione kando ya uwanja wakati wa mapumziko.